Daftari Lifunguke Kwanza

Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa steshenari mjini Morogoro. Kazi zetu zilikuwa zilezile za steshenari zote zilizo jirani na chuo: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, na kubaindi risechi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao siku zote walifika dirishani jasho likiwatoka na tarehe ya kukabidhi ikiwa kesho. Tulikuwa na kompyuta za mezani za Windows XP, printa za leza, skana, na mashine ya kopi yenye tabia zake. Umeme nao ulikuwa wa kuja na kuondoka.

Huo umeme ndio uliotupa somo. Ulikatika saa nne, ukarudi saa nne na robo, na kompyuta zote ziliamka tupu: ile picha ya kilima cha kijani, alama zake pembeni, basi. Kila kitu kilitakiwa kufunguliwa upya kwa mkono. Daftari la mauzo lililokuwa kwenye Excel, Word, programu ya skana, folda ya kazi za siku. Foleni imesimama, mtu anagonga kioo kwa sarafu, nawe unabofya, unangoja, unabofya tena. Na mashine za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, ukizikimbiza zinastaki kabisa, unaishia kuzima na kuanza moja.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyestaafu ukarani serikalini. Alikuja kutujazia wino wa unga kwenye printa, na wakati mwingine alikuja tu kupiga soga na mama mwenye duka. Siku moja alinikuta nimerudishiwa umeme, nahangaika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unahangaika na hicho kipanya, mwanangu? Unawinda nini?"

Nikamweleza. Akavuta kiti, akafungua Notepad, akaandika mistari michache huku akitamka kila neno kwa midomo bila sauti, kama mtu anayesali. Akaihifadhi kwenye deskitopu kwa jina la asubuhi.bat. "Haya, bofya hapo." Nikabofya. Kidirisha cheusi kikachungulia na kutoweka, kisha Word ikafunguka yenyewe, daftari la mauzo likafuata, folda ikafuata. Nilicheka. Nadhani nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeamini kuwa kompyuta ni kitu cha kubofya picha tu, na kwamba anayeandika amri ni mtu aliyesomea ng'ambo.

Nikataka kujua kila neno lilifanya nini. Mzee hakuwa mchoyo. Amri kuu pale ni "start", aliniambia, na kazi yake ni kuianzisha programu kisha kuiacha iendelee na mambo yake. Usipoiweka, ukaandika jina la programu peke yake, kidirisha cheusi kinaweza kusimama palepale kikingoja programu ya kwanza ifungwe ndipo kiguse mstari wa pili. Jina la njia yote ya faili linafungwa kwa alama za kunukuu, maana folda ya "Program Files" ina nafasi katikati, na kompyuta ikikuta nafasi hudhani jina limekwishia hapo: inakwenda kutafuta kitu kinachoitwa C:\Program, haikioni, inalalamika.

Lakini kilichonishangaza ni alama mbili tupu zilizokaa baada ya "start", hazina chochote ndani. Nilizifuta nikidhani zimezidi. Nikabofya tena, na kilichokuja ni kidirisha cheusi kimesimama kimya, juu yake kimeandikwa njia yote ya Word kama jina la kidirisha. Word yenyewe haikuja. Mzee akacheka sasa yeye. Amri hiyo, ikikuta maneno ndani ya alama za kunukuu mara ya kwanza, huyachukua kuwa ni jina la kupachika juu ya dirisha. Kwa hiyo unaipa jina tupu iridhike, ndipo unaipa kazi yenyewe. Mpaka leo, Windows zimebadilika mara ngapi sijui, amri hiyo bado inadai jina tupu lake.

Hapo ndipo mama mwenye duka alipokuja nyuma yetu, mikono kiunoni. Mama huyu hakuwahi kuandika amri hata moja maishani mwake, na kompyuta aliigusa kwa kidole kimoja. Alitazama madirisha yanavyofunguka, akauliza, "Kwa nini Word ndiyo inaanza?"

"Ndiyo mnayoitumia zaidi, mama," fundi akajibu.

"Ndiyo sababu isianze."

Akaeleza, na alikuwa akimwambia fundi ila macho yapo kwangu. Word ikishafunguka, mteja anayegonga kioo anashinda. Kijana anaanza kumchapia, anapokea hela, anaitupa drooni, na daftari anakuja kulikumbuka saa sita. Jioni hesabu haziendani, na hakuna anayejua ni nani alichukua nini. "Daftari lifunguke kwanza. Na lisifunguke lingine lolote mpaka huyu ameandika fedha ya kuanzia."

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akarudi Notepad. Hivi ndivyo faili lilivyokuwa alipomaliza, na nalikumbuka kwa sababu nililinakili baadaye mashine hadi mashine:

@echo off
start "" "D:\Duka\mauzo.xls"
echo Andika fedha iliyopo drooni, kisha bonyeza kitufe chochote.
pause >nul
start "" "C:\Program Files\Microsoft Office\Office11\WINWORD.EXE"
start "" "D:\Duka\Kazi za leo"

Mstari wa juu kabisa unaizuia kompyuta isirudie kuandika kila amri kwenye skrini. Neno "pause" ndilo lililobeba agizo la mama: linasimamisha kila kitu mpaka mtu abonyeze kitufe. Peke yake lingetoa maelezo ya Kiingereza, ila ile alama ya mshale na "nul" inayatupa maneno hayo kusikojulikana, yakabaki ya kwetu ya Kiswahili. Mama aliyasoma kwa sauti, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani.

Nimefanya kazi na watu wengi wa kompyuta tangu siku hiyo, wengine wana vyeti vya kujaza ukuta. Bado nashikilia kuwa faili lile lilitungwa na mama. Fundi alijua lugha ya mashine. Mama alijua duka. Kufungua programu tatu kwa mbofyo mmoja ni jambo dogo, mtoto wa sekondari anaweza kulifanya kwa mchana mmoja. Kujua ipi itangulie, na kwa nini, ndiko kulikuwa na hela.

Niliwahi kumwomba mzee aliweke faili hilo kwenye folda ya Startup, ile ambayo kila kilichomo hujifungua mtu anapoingia kwenye kompyuta, nisihitaji hata huo mbofyo mmoja. Alikataa. Umeme wetu ulikuwa na mtindo wa kurudi, kukaa dakika, na kuondoka tena. Faili la Excel likiwa linafunguliwa na kuhifadhiwa ovyo katika vurugu hiyo linaweza kuharibika, na humo ndimo mna mauzo ya mwezi. "Ngoja utulie kwanza," alisema, "ndipo ubofye." Alitaka mkono wa mtu ubaki pale mwanzoni, nami sikubishana naye.

Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa na mistari ya namna hiyo. Enzi za MS-DOS, alisimulia, kila kompyuta ilikuwa na faili liitwalo AUTOEXEC.BAT, na mashine ilipowashwa ilikwenda kulisoma na kutekeleza kilichomo, mstari kwa mstari: programu zitafutwe kwenye folda zipi, kipanya kiamshwe, mengineyo. Ofisini kwao Windows 3.1 ilipoingia, haikuwa mfumo wa kujitegemea kama tunavyoijua sasa. Ilikuwa programu tu juu ya DOS, na mtu aliyetaka ifunguke yenyewe alimalizia faili lile kwa neno moja la herufi tatu: win. "Madirisha yenu yote haya," mzee alikuwa akisema, "yalikuwa mstari wangu wa mwisho." Alijivuna kidogo, na haki yake.

Mambo haya ni ya zamani kuliko hata DOS. Mfaransa Louis Pouzin alikuwa Marekani, kwenye chuo cha MIT, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika timu iliyojenga CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Watu walirudia kuandika amri zilezile kila siku. Pouzin akaandika programu aliyoiita RUNCOM, ya kusoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza kwa mfuatano. Ukifungua kompyuta ya Linux leo ukakuta faili linaloishia na herufi "rc", kama .bashrc, hizo ni masalia ya RUNCOM, zimebebwa zaidi ya nusu karne na watu ambao wengi wao hawajui zimetoka wapi. Nilipokuja kusoma habari hiyo nilimwona yule Mfaransa kuwa mwenzetu kabisa: mtu aliyechoka kurudia.

Turudi dirishani. Miaka ile steshenari yoyote yenye wateja wa flashi ilikuwa pia zahanati. Mwanafunzi anakuja, sauti imemkauka: "Kaka, flashi yangu imekula kazi zote." Unaichomeka. Folda zipo, majina yapo, ila kila moja ina kamshale kadogo pembeni, na ukitazama ukubwa wake ni kilobaiti chache tu. Virusi vimezificha folda za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye sura ileile.

Nilipojifunza kubofya kulia na kusoma njia hiyo ya mkato inaelekeza wapi, nilisisimka. Ndani yake kulikuwa na amri za kidirisha cheusi zilezile alizonifundisha mzee. Kwanza "start" ya kuanzisha kirusi kilichojificha kwenye flashi, kisha "start" ya pili ya kufungua folda halisi. Mwenye flashi anabofya, folda yake inafunguka kama kawaida, kazi zake anaziona, anachapa, anaondoka na amani. Hajui kuwa kabla ya folda kuna kitu kimeshatangulia kuingia kwenye mashine. Mwandishi wa kirusi naye alijua kuwa siri ipo kwenye kipi kitangulie.

Kuzirudisha folda kwa kipanya kulishindikana. Kirusi kilikuwa kimezipa alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, na hiyo ya pili ikiwapo, kile kisanduku cha kuondoa ufiche kinafifia, hakibofyeki. Amri ilikuwa na uwezo ambao picha hazikuwa nao:

attrib -h -s -r /s /d F:\*.*

Unaziondoa alama za kufichwa, za mfumo na za kutoandikika, kwenye kila faili na kila folda hadi ndani kabisa. Sekunde chache, folda zinajitokeza, na mwanafunzi anashika kichwa kama ameona muujiza. Tuliiweka amri hiyo kwenye faili lake, tukaliita okoa.bat. Kwa kuwa flashi leo ilikuwa E na kesho ni F au G, tulilifanya liulize kwanza herufi ya flashi kabla ya kugusa chochote. Mama akapanga bei. Akapanga pia kuwa mwanafunzi ambaye risechi yake haikupatikana hatozwi, na hilo halikuhitaji kuandikwa kwenye faili.

Vijana waliokuja nyuma yangu nao walitaka kuandika ya kwao, na karibu wote walikwama mahali pamoja. Wanaandika vizuri, wanahifadhi kwa jina la kazi.bat, wanabofya, na inafunguka Notepad yenye maandishi yao. Notepad ilikuwa imeongeza .txt mwishoni bila kusema, na Windows ilikuwa imeificha, kwa maana tangu zamani imezoea kuficha herufi za mwisho wa jina la faili inalolijua. Faili ni kazi.bat.txt, wewe unaona kazi.bat. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya folda ukaondoa tiki kwenye kuficha, na mimi huondoa tiki hiyo kwenye kila kompyuta ninayokalishwa mbele yake, hata ya kuazima. Mwezi Mei 2000 kirusi kilichotokea Ufilipino kilizunguka dunia kwa barua pepe kikiwa kimeambatishwa faili lenye jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa wengi, mwisho wa jina ulifichwa. Waliona barua ya mapenzi iliyo maandishi matupu, wakabofya, kumbe ni skripti. Sijui ni nani aliyeona ni huruma kumficha mtu jina kamili la kitu chake mwenyewe.

Baadaye niliajiriwa mahali palipotumia Ubuntu, nikajifunza upya kwa sura nyingine. Kule faili linaanza kwa mstari unaosema ni programu ipi itakayolisoma, #!/bin/sh, na haliendi mpaka ulipe ruhusa kwa chmod. Badala ya "start" unaweka alama ya "&" mwisho wa mstari ili programu iendelee kando bila kuzizuia nyingine. Faili ukiliandika kwenye Notepad ya Windows kisha ukalihamisha, Linux inakataa ikidai haimfahamu msomaji, kwa sababu Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana na Linux inajua moja tu. Ile nyingine imejigandisha kwenye jina la msomaji.

Jambo moja la huko lilinikera mwanzoni kisha nikalipenda. Umesimama ndani ya folda, faili lako lipo hapohapo, unaliita kwa jina, mashine inasema hailijui. Lazima uandike nukta na mkwaju kwanza, ./asubuhi.sh, yaani hili la hapa. Kidirisha cheusi cha Windows, chenyewe, huanza kutafuta hapohapo mlipo. Ubishi wa Linux una sababu: mtu akikuwekea kwenye folda ya pamoja programu yenye jina la amri unayoitumia kila siku, usije ukaiita ya kwake ukidhani ni yako. Baada ya kuzitibu zile flashi zote, sikuhitaji maelezo marefu.

Kwenye ofisi nyingine, Dodoma, nilirithi skripti. Aliyeziandika alikuwa ameshahama, na hakuacha hata mstari mmoja wa "rem", zile kumbukumbu za mwandishi ambazo mashine huziruka na binadamu huzisoma. Moja iliitwa usafi.bat, na mhasibu alikuwa akiibofya kila Ijumaa jioni. Nina desturi ya kutobofya nisichokisoma, kwa hiyo nilikifungua kwenye Notepad kwanza:

set /p FOLDA=<jina.txt
del /q "%FOLDA%\*.*"

Mstari wa kwanza unachukua jina la folda kutoka faili la jina.txt. Wa pili unafuta mafaili yote yaliyomo humo, na hiyo "/q" inaiambia mashine isiulize. Sasa, jina.txt likipotea, au mtu akilihamisha, FOLDA inabaki tupu, na kinachosalia kwenye mstari wa pili ni mkwaju na nyota: yaani futa mafaili yaliyo kwenye mzizi wa diski uliyopo. Ofisi ile ilikuwa na tabia ya kurundika barua na bajeti papo hapo kwenye D, ilikokaa skripti hiyo, nje ya folda yoyote. Halijawahi kutokea. Lilikuwa linasubiri tu mtu wa kupanga mafaili yake.

Kinga ya hilo ni mstari mmoja wa kukagua kama FOLDA ina kitu, na kama haina, toka. Niliuandika palepale. Lakini nikaenda pia kumwona mhasibu, dada mmoja mpole, mwepesi wa hesabu.

"Dada, hizi ripoti mnazifuta za nini?"

"Zikishaprintiwa hazina kazi tena. Wiki ijayo tunatoa mpya."

"Na zisipoprintiwa?"

Akanitazama. Skripti haikuwa na njia ya kujua kama printa ilikuwa na karatasi. Nikamwambia naweza kuibadili isifute, ihamishe tu ripoti kwenye folda ya wiki iliyopita, diski ina nafasi tele. Akafikiri, kalamu ikigongagonga meza.

"Sawa, hamisha. Ila basi iwe Jumatatu asubuhi. Mkurugenzi husafiri Ijumaa, na akifika Morogoro ndipo anapokumbuka ripoti aliyoisahau mezani, anapiga simu nimtumie. Jumamosi nzima huwa naitafuta."

Nikaipanga Jumatatu, na juu kabisa nikaweka "rem" yenye sababu hiyo, bila kumtaja mkurugenzi.